Kiti Hiki Si Chako

Nilikuwa nimeshafunga mkanda. Naanza hapo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki mke wangu hunikatiza kuuliza kama labda nilichelewa. Sikuchelewa. Nilifika Entebbe saa tatu nzima kabla ya ndege kuruka. Dereva alinitoza shilingi 5,000 za barabara ya kulipia ili tusikwame Kajjansi, na uwanjani nikanywa kikombe cha chai kwa pesa ambayo mtaani Wandegeya, Kampala, ningekula rolex tatu, zile chapati za kuviringishia mayai, na chenji ikarudi. Chai yenyewe maji ya moto na kikaratasi.

Ilikuwa Alhamisi, jua likizama. Mpango wangu ulikuwa nilale Dar, alfajiri nishike basi la Tanga, na Ijumaa baada ya Alasiri niwe nimekaa juu ya jamvi msikitini, mkono wangu umeushika mkono wa bwana harusi. Anayeolewa ni binti wa marehemu kaka yangu. Baba hana, babu hana, kaka hana. Walii wake, wa kumwozesha, ni mimi.

Kampala nafundisha Kiswahili kwa watu wazima, wengi wao wa maofisini. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na tangu hapo kazi haikosekani. Siku ya kwanza ya kila darasa huwauliza walikisikia wapi mara ya kwanza. Nusu yao hujibu: kwa askari, kwenye kizuizi cha barabarani. Wenye umri huikumbuka zaidi enzi ya Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na ukiwatazama usoni wanapoitaja unajua kwamba kwao Kiswahili kilikuja kimevaa buti. Wiki yangu ya kwanza huwa ya kufua tu. Nawaambia hii ni lugha ya utani, ya kubembeleza, ya kupatana bei. Wananisikiliza kwa adabu.

Basi, mkanda nimefunga. Kulia kwangu bibi mmoja wa Kihaya, anakaa Dar kwa mwanawe, alikuja Masaka kuwaona ndugu. Amepakata kopo la plastiki la senene wa kukaanga kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Ulikuwa msimu wao. Nilimtania nikamwambia awafiche, kwa kuwa mwaka 2021 kuna mtu aliwauza senene kwenye mifuko humo humo ndani ya ndege ya kutoka Entebbe kwenda Dubai, ikawa kesi. Akacheka, akaniuliza: "Alipata wateja lakini?"

Mhudumu akaja na karatasi. Akainama, akasema kwa Kiingereza cha sukari kwamba safari imejaa kupita kiasi na kampuni inaomba watu wanne wajitolee kushuka. Halafu akasoma majina manne ya waliojitolea. La pili lilikuwa langu.

Nikamwuliza, kujitolea ni kwa hiari au kwa orodha? "Bambi, ssebo," akasema, yaani pole, bwana, kwa Kiganda, na uso wake ulionyesha huruma kweli. Si yeye aliyepanga. Tuliosomwa tulikuwa mimi, bibi, kijana mmoja anayesomea udaktari, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekaa mbele yetu na simu tatu.

Yule wa Kariakoo ndiye pekee aliyeielewa hali tangu mwanzo. Hakukasirika hata kidogo. Aligeuka akauliza, "Dada, kushuka ni shilingi ngapi?" Akaambiwa kuna vocha ya dola 100 ya kununulia tiketi nyingine ya kampuni hiyo hiyo. "Vocha siwezi kulipia kodi ya fremu." Akaitwa msimamizi. Wakavutana pale kwenye ujia kama wanapatana bei ya jora la kitenge: huyu anapanda, yule anashuka, huyu anajifanya anafunga mkanda tena. Alishuka na dola 150 taslimu, anapiga mluzi. Sisi tulioshika haki yetu tulibaki tumekaa, na ndiyo maana sisi ndio tulioitiwa askari.

Alipanda mmoja tu, mrefu, mweusi, kofia kaishika mkononi. Bibi alikuwa wa kwanza kumsalimia, kwa Kiswahili, akadhani atatusaidia. Askari akaitikia kwa Kiswahili pia, kisha akanigeukia mimi:

"Mzee, toka, twende. Hii kiti si yako."

Ulimi ulinitangulia. Miaka ishirini na mbili ya ubao na chaki. "Kiti *hiki* si *chako*," nikasema.

Watu wa safu za karibu wakaangua kicheko. Askari akanitazama, midomo ikamcheza kidogo kama mwanafunzi anayerudia moyoni kabla ya kusema. "Sawa, mwalimu. Kiti hiki si chako. Sasa toka, twende."

Bila kosa. Ngeli zote mahali pake. Nimefundisha watu miezi mitano wasifike hapo.

"Si changu vipi na nimekilipia?"

"Hiyo mimi sijui. Mimi nimeambiwa toa watu wanne, mmoja ametoka." Akanishika juu ya kiwiko, bila nguvu, kama anavyoshikwa mgonjwa anayesaidiwa kuteremka kitandani. Hakunivuta. Nilisimama mwenyewe. Bibi akasimama, akamkabidhi askari kopo la senene bila kumwuliza, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Sauti moja ndiyo iliyoniuma kuliko mkono ule. Ilitoka nyuma, Kiswahili safi cha Dar: "Washuke basi jamani, tunachelewa!" Sikugeuka nimwone. Nilimjua bila kumwona. Ni mimi mwenyewe siku nyingine, kwenye basi jingine, nikimsonya mtu anayebishana na konda kuhusu chenji yake.

Mlangoni tulipishana na wanaume wawili wa suti, mikononi hawana hata begi la maana. Mmoja akanisalimia.

Kampuni siitaji. Nataka amani, na darasani kwangu wamo watu wake.

Walichokipata kwa kutushusha sijui, maana kutushusha kulikula saa nzima. Mabegi yetu yalikuwa tumboni mwa ndege, na begi la abiria aliyeshuka halikubaliki kuondoka bila mwenyewe. Tukasimama dirishani tukitazama vijana wakitoa mizigo, wakiikagua kwa tochi, wakiirudisha. Sanduku langu lilitoka la mwisho. Ndani yake mlikuwa na kanzu, joho la kuazima, na zawadi ya biharusi.

Kijana wa udaktari ndiye aliyetuonyesha ile video kwenye simu. Niliwahi kuisikia, sikuwahi kuitazama. Aprili 2017, Chicago, ndege ya United inayokwenda Louisville. Wafanyakazi wanne wa kampuni walihitaji kupelekwa huko, abiria wakaahidiwa mpaka dola 800 washuke, hakuna aliyetaka, yakachaguliwa majina. Daktari mmoja, David Dao, mwenye miaka 69, akakataa kwa kuwa alikuwa na wagonjwa kesho yake. Walinzi wa uwanja wakamburuta kwenye ujia kama gunia. Alivunjika pua, akapoteza meno mawili. Kampuni ikaja kumlipa pesa ambazo hazikutajwa, ikapandisha ahadi yake kwa watakaojitolea mpaka dola 10,000, na tangu 2021 kanuni za Marekani zinakataza kumshusha mtu aliyekwisha kupanda eti kwa sababu tiketi zimezidi siti. Bibi alitazama mpaka mwisho. "Meno mawili," akasema. "Dola ngapi kwa jino?"

Mimi nilisikiliza zaidi sauti za wale abiria. Walikuwa wanapiga kelele, wanamtetea. Nikaikumbuka ile sauti ya Dar.

Dada wa kaunta, alipochoka kutuona tumesimama, alitueleza hesabu yake. Kila safari kuna watu wanaonunua tiketi wasitokee. Kampuni inazo kumbukumbu, inakadiria watakaokosekana, inauza siti zao mapema. Siku nyingi kadirio linatoka sawa, na siti moja inakuwa imeuzwa mara mbili bila mtu kujua. Siku wakitokea wote, inaulizwa kompyuta. Nayo huanza na waliolipa nauli ya chini, wasio na kadi ya pointi, waliochelewa kuthibitisha.

"Kwa hiyo mnamshusha aliyelipa kidogo?" bibi akauliza.

"Mara nyingi ndiyo, mama."

"Mwanangu kanilipia thamani ya ng'ombe. Hicho ndicho kidogo?"

Juu ya kichwa chake ubao ulionyesha ndege ya Brussels, usiku ule ule. Kijana akasoma kwenye simu kwamba lau tungekuwa tunakwenda huko na kampuni ya Ulaya, tukashushwa hivi, Kanuni ya 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 ingewabana watupe euro 600 kila mmoja, pamoja na chakula na pa kulala. Uwanja ni ule ule, sakafu ile ile. Tofauti ni upande ambao pua ya ndege imeelekea.

Sisi tulipewa vocha ya dola 100, ya chakula ya shilingi 30,000, na chumba Kitooro, mtaa wa hapo hapo Entebbe. Kwenye mkahawa wa hoteli jiko lilikuwa limefungwa. Maji ya kuoga baridi, chandarua kina tundu la kupita paka, na taa ya ujiani haizimiki. Tukakaa sebuleni. Bibi akafungua kopo. Sikuwa nimekula senene maishani mwangu, mimi mtu wa pwani, nazi na samaki. Wa kwanza nilimmeza kwa kufumba macho. Kufika wa kumi nilikuwa nashindania na kijana.

Hapo ndipo nilipopiga simu Tanga. Dada yangu alipokea, nyuma yake nasikia masufuria na wanawake wanaimba, wanamenya vitunguu vya kesho. Nilimwambia sitafika. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Umekamatwa?" Ilibidi nieleze mara tatu. Katika akili yake, na hata yangu, mtu mwenye tiketi hashushwi; huteremshwa asiye nayo.

Asubuhi ya Ijumaa nikampigia mtoto wa baba mkubwa, shehe akiwa kando yake na mashahidi wawili, simu imewekwa sauti ya juu. Nikamkabidhi uwakili: amwozeshe binti ya marehemu ndugu yangu kwa niaba yangu, kwa mahari yaliyotajwa. Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima nikiwa nimeketi hivi, kanzu hivi, sauti hivi. Nikayasema nikiwa na ndara za hoteli. Katikati bando likakata. Kijana akanipa simu yake, nikaanza upya tangu bismillahi. Nilipomaliza, bibi, rozari imezunguka vidole, akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko ya shehe.

Tuliondoka saa tisa alasiri, siti yangu ya mwisho kabisa, mgongo umeegemea choo. Alasiri ya Tanga ilinikuta hewani. Bibi alikuwa mbali, mbele. Nilikiona kitambaa chake tu.

Tanga nilifika Jumamosi kwa basi la usiku, nikala biriani ya kupashwa, nikambusu biharusi utosini. Shehe aliniambia nafasi yangu jamvini hawakuiacha wazi. Watu walisogea tu, wakajaa, na wengine wawili wakaingia. Sikujua kama ananipoza au ananitania.

Siku tano zilizobaki sina la kusema, nilikuwa nyumbani.

Kurudi sikuitumia ile vocha. Nyuma yake imeandikwa haihamishiki, haibadilishwi kwa pesa, na haitumiki siku za safari nyingi, yaani siku zote ambazo mwalimu ana likizo. Nikarudi kwa basi, Dodoma, Kahama, Bukoba, magoti yamegusa kidevu siku mbili. Bukoba nikakata tiketi ya gari dogo la Mutukula, siti namba nane, na nilipopanda nikamkuta mtu amekalia namba nane, ana tiketi iliyoandikwa nane kwa mwandiko ule ule.

Tukamwita konda. Akazitazama tiketi zote mbili, akajikuna kisogo, akatoa ndoo ya rangi chini ya kiti chake, akaipindua kwenye ujia, akatandika gunia juu.

"Mzee, karibu," akasema. "Hii ni yako."

Nilimwacha, sikumsahihisha.