Tuliuita uzee

Jana nilipita duka la pembejeo kununua mbegu za mchicha, ile harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ikanisimamisha mlangoni. Muuzaji aliniuliza mara mbili nataka nini. Mimi nilikuwa nimeshafika Marangu, uani kwa Baba, mbwa wetu Simba amelala chini ya mparachichi.

Alikuwa na miaka 13. Habweki tena, makande anayanusa anayaacha. "Uzee huo," alisema Baba, nasi tukakubali. Viroboto tuliwaona, lakini mbwa gani kijijini hana viroboto?

Asubuhi ile Baba alishachanganya dawa kwenye bomba la mgongoni, akawapulizia ng'ombe wote wawili, kisha akamgeukia Simba. Bahati nzuri, bwana mifugo alikuwa hajaondoka.

"Mzee wangu, hapana. Hiyo ni ya ng'ombe. Huyu atailamba, na mwili wake hauna tena nguvu ya kuitoa."

Akamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Akaomba kitambaa cheupe, nikampa leso ya Mama ya kanisani, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Akailowesha, akaitandaza ubavuni mwa Simba, akanipa kitana cha chawa.

"Chana taratibu, anzia hapa juu ya mkia."

Nikachana. Vikadondoka vipunje vyeusi, vidogo kama kahawa iliyosagwa, nikadhani ni udongo. Vikatulia kwenye ule unyevu. Halafu kimoja kikaanza kutoa wekundu pembezoni, na kingine, na kingine, mpaka leso ikawa na madoa ya rangi ya kutu kila mahali. Simba hakusogea. Alikuwa ameweka kidevu chake kwenye goti langu, nikausikia uzito wake ulivyopungua.

"Hicho ni kinyesi cha viroboto," alisema bwana mifugo. "Na chakula chao ni damu yake."

Baba akachuchumaa. Aliitazama leso ile muda mrefu, kisha akaanza kumpapasa Simba masikio, kimya kimya, kama anayeomba radhi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulimtia kwenye gunia, kichwa nje, tukamning'iniza kwenye mizani ya kahawa: kilo 14. Kwa uzito huo tukapewa dawa ya matone, ya kuweka shingoni asikoweza kujilamba. Kabla yake tulimwogesha kwa maji ya vuguvugu, tukianza na povu kuzunguka shingo ili viroboto wasikimbilie masikioni, tukamwacha siku mbili akauke vizuri. Gunia alilolalia tulilichoma. Mayai huangukia kwenye malazi, na wanaoanguliwa humrudia mbwa, kwa hiyo Mama alifagia na kumwaga maji ya moto bandani kila wiki kwa miezi mitatu. Mimi nilichemsha maini.

Mwezi wa pili alimbwekea mchukua maziwa. Mama alicheka mpaka akalia. Simba aliishi masika mawili zaidi.

Sijui alikuwa ameteseka muda gani kabla ya leso ile. Hilo bado linanirudia usiku.

Baba sasa ana miaka 79. Wiki iliyopita aliniambia kwenye simu kwamba akipanda kutoka mferejini anaishiwa pumzi. "Uzee tu, mwanangu." Nikaitika, tukaagana.

Nilitoka dukani bila mbegu, nikaenda stendi moja kwa moja. Basi ni la Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.