Siku moja kazini: kusaka naitrojeni inayopotea Bahari ya Arabu

Saa 10 alfajiri. Winchi inanguruma, rozeti, fremu yenye chupa 24 za Niskin za kuteka maji ya vina mbalimbali, inazama. Kwenye skrini oksijeni inaporomoka baada ya mita 100, na kuanzia mita 150 hivi hadi karibu 1,000 mstari unagota chini kabisa. Hayo kwa sehemu kubwa ni matunda ya kusi: huibua maji yenye rutuba pwani ya Omani, mwani unashamiri, mabaki yake yanazama, na bakteria wanaoyaozesha wanamaliza oksijeni. Ikiisha, wanahamia kwenye nitrati, chumvi ya naitrojeni inayorutubisha mwani, na kuigeuza gesi: hiyo ndiyo naitrojeni inayopotea. Chupa zinafungwa rozeti ikipanda, maana ikishuka vipimo husomwa kwenye maji ambayo bado hayajavurugwa.

Saa 12 asubuhi. Wa gesi ndiye wa kwanza kuteka. Wa chumvi asubiri. Mpira unafika kitako cha chupa ya kioo, maji yanafurika mara 3 ya ujazo wake, kifuniko kinabana bila kiputo. Kiputo kikibaki, mwaga, anza upya. Hakuna mjadala.

Saa 2. Nitriti. Mililita 10 za sampuli, 0.2 za salfanilamidi yenye asidi, dakika 5, kisha 0.2 za kitendanishi cha rangi. Maji ya mita 20 yanabaki meupe. Ya mita 250 yanageuka waridi kama juisi ya rozela iliyozimuliwa. Waridi hiyo ni nitriti, yaani nitrati iliyokwama njiani kabla ya kuwa gesi. Jaribio linafanyika kwa maji hayo.

Saa 4. Maji yanapulizwa gesi ya heli dakika 20 kuondoa oksijeni iliyopenya wakati wa kuteka. Heli tupu hufukuza pia kaboni dioksidi na pH inapanda, kwa hiyo changanya kaboni dioksidi kidogo kwenye heli.

Saa 6 mchana. Vichupa vya mililita 12. Nusu vinapata amoniamu ya naitrojeni-15 (nzito kidogo kuliko ya kawaida, ambayo ni 14), nusu nitriti ya naitrojeni-15, mikromoli 5 kwa lita. Gesi ya naitrojeni ina atomu mbili, na bakteria huitengeneza kwa njia mbili. Anamoksi huchukua atomu moja kwenye amoniamu na nyingine kwenye nitriti, hivyo kundi la kwanza hutoa gesi ya uzito 29. Denitrifikesheni huchukua zote mbili kwenye nitriti: uzito 30, kundi la pili. Vichupa vya saa sifuri vinauawa vijidudu vyake papo hapo kwa mikrolita 100 za kloridi ya zebaki iliyokolea; vingine saa 12 jioni na saa 6 usiku.

Adui ni vifuniko. Mpira hubeba oksijeni ndani yake na kuiachia polepole. Usipouhifadhi kwenye heli kwa siku kadhaa, umeharibu kazi. Utafiti wa pwani ya Chile wa 2014 ulionyesha nanomoli 200 hivi tu za oksijeni kwa lita zinakata denitrifikesheni nusu, na kwa kiwango hicho Winkler ya kawaida, njia ya kikemia ya kupima oksijeni, haikusaidii kitu. Dalili ya oksijeni iliyovuja: grafu ya gesi inayotengenezwa inalala saa za mwanzo, kisha inapanda ghafla vijidudu vikishaila hewa hiyo. Tatizo, mashine ya kupima uzito wa gesi hizo iko nchi kavu, na dalili hiyo utaiona baada ya miezi.

Saa 6 usiku. Vichupa vya zamu ya tatu vimeuawa. Vilivyobaki vipo gizani kwenye friji ya nyuzi 15, hadi kesho mchana.