Saba isiyokuwa saba

Jana usiku mdogo wangu wa miaka 14 alinijia na kompyuta mkononi, macho mekundu. Anajifunza mwenyewe Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, na alikuwa ameandika mchezo wa kubahatisha namba. Namba iliyofichwa ni 7. Akiandika 7, kompyuta inamwambia amekosa. Hakuna ujumbe wa kosa wala nini, inamkatalia tu.

Niliona tatizo papo hapo, lakini sikugusa kibodi. Nikamwambia, "Iulize kompyuta inaona nini." Akaiamuru ioneshe vyote viwili, alichoandika na kilichofichwa: 7 na 7. Akazidi kuchanganyikiwa. Kisha akaiuliza kila kimoja ni cha aina gani, ndipo jibu likatoka: kimoja maandishi, kingine namba kamili. Akaruka kitini. "Kumbe ninachoandika kinaingia kama maandishi!" Na kwa kompyuta, 7 ya maandishi si sawa na 7 ya namba.

Mimi nilipoanza nilipoteza miezi nikinakili mistari ya watu kwenye video. Programu inakubali, nafurahi, kesho yake naketi mbele ya ukurasa mtupu sijui pa kushika. Nilianza kuelewa siku nilipoanza kuharibu makusudi: natoa nukta pacha, nabadili namba moja, nasoma kompyuta inalalamikia mstari upi. Kwa nini hatuwaambii wanaoanza jambo hili mapema? Inaniuma kweli.

Mdogo wangu sasa anataka mchezo uhesabu mtu amejaribu mara ngapi. Amegoma kulala.