Tangu niache bendi

Watu wananiuliza sana tangu nimetoka bendi naonaje kusimama mwenyewe, na kila wiki najibu tofauti ila leo kichwa kimetulia acha niandike. Kuimba ndo kunanisumbua kuliko vyote. Kwenye bendi koo likigoma mwenzako anadaka ubeti, wewe unakunywa maji, sasa hivi hakuna wa kukudaka, lisaa zima ni mimi na maiki, kwahiyo naanza na nyimbo za chini, zile za kupanda juu naziweka katikati koo likishapata moto, na mpiga kinanda nikimgeukia tu anajua ashushe ki ya wimbo.

Mtu ninayemuwaza sana siku hizi ni Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Binti wa kijiji cha Fumba huyo, vyungu kichwani kwa miguu mpaka mjini, ananadi kwa ile ile sauti ambayo mwaka 1928 ilivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, jamani 1928! Shule hakwenda, nyimbo zote kichwani. Jina tunalolitaja mpaka leo ni lake yeye, lakini Bombay hakwenda peke yake, alikuwa na wenzake wa kundi, kina Subeit, Maalim Shaaban, Buda na Mbaruk, na usiku walikuwa wanakusanyika nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, wanatunga wanapiga, yaliyotokea mjini na hata kesi za mahakamani yanageuka nyimbo. Ule ukubwa wake ulipikwa pale, na wale watu.

Ndo maana promota mmoja aliponiambia dada njoo na flashi tu, biti zipo zimesharekodiwa, wapigaji wa nini wanaongeza gharama, nilikataa ile shoo. Hela niliihitaji kweli maana kodi ilikuwa karibu. Ila mimi nataka mtu anayesikia pumzi yangu inakata wapi anisubiri, flashi haisubiri mtu. Mwimbaji wa solo kwangu mimi ni yule anayewachagua watu wake mwenyewe na kuwalipa mwenyewe, hata kama bango lina sura yake tu.

Na kulipana kwenyewe tunaandikiana. Hatutoki studio kabla hatujakaa chini, mashairi asilimia ngapi, biti asilimia ngapi, aliyeleta ile melodi ya kiitikio naye apate chake, tunasaini wote halafu wimbo unaenda kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Prodyuza wangu mwanzo aliona kama simwamini, sasa hivi yeye ndo anakumbusha, dada karatasi iko wapi.

Mwezi ujao tunaingia kurekodi. Kuna mzee wa Unguja anapiga udi mpaka unasahau uko wapi, amekubali kuja Dar, kwahiyo nauli yake ya boti na pa kulala nishaviweka pembeni kabla hata sijagusa hela ya video. Nyimbo mbili nataka azisikie kwanza bila biti, mimi na yeye tu, atuambie udi uingie wapi.