Pesa ya kaka, na miezi 16 ya kuwa klini

Juzi dada mmoja alinisimamisha pale Darajani, tumekua mtaa mmoja ananijua vizuri nilikokuwa, akanambia mdogo wake katoka soba hausi, ile nyumba ya kuachia unga wa heroini, wiki iliyopita, wafanye nini asirudie? Mie nilikuwa na haraka nikamwambia mwombeeni dua dada'ngu, nikaondoka. Nimefika nyumbani roho inaniuma. Dua ni muhimu na mie bila ya dua ya mama'ngu nsingekuwepo, lakini kaniuliza swali la maana na nikamjibu kama mtu asiyejua. Kwa hiyo naandika jibu lenyewe hapa, na wengine pia wasome.

Leo nna miezi 16 na siku 8 sijagusa unga, ndo huko kuwa klini.

Watu wengi wanadhani kazi ni alosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga. Alosto ni balaa, sibishi, siku tatu nne mifupa inauma utadhani inapondwa kwenye kinu, makamasi, kuharisha, baridi na wakati huo huo jasho, usingizi hakuna kabisa. Lakini alosto inaisha. Na ukishakuwa ndani ya soba hausi kila kitu umeshapangiwa, unaamshwa alfajiri, unaswali, unafagia, mitingi ya asubuhi, chai, darasa, kupika zamu kwa zamu, mitingi ya jioni, kulala. Huna simu. Huna pesa. Mlango anaufunga mtu mwengine. Mie nilikaa miezi minne na nilikuwa mzuri kweli, nilinenepa, nilikuwa naongoza mitingi, wageni wakija mie ndo napewa nitoe ushuhuda, na nilijiona nimeshapona kabisa. Kumbe nilikuwa najua kuishi mle ndani tu.

Nikatoka. Mama kapika biriani, majirani wamekuja, shangazi analia. Kaka'ngu yuko Muscat miaka mingi, ndo anayeitunza nyumba, kafurahi akasema huyu sasa tumpe mtaji anunue pikipiki afanye bodaboda asikae bure, akanitumia milioni moja na nusu. Kwenye simu yangu mwenyewe. Alifanya kwa mapenzi, na mama alikubali kwa mapenzi, walitaka nione kwamba wananiamini.

Ilikuwa siku ya 11 tangu nitoke. Mlio wa ile meseji ya pesa kuingia, wallahi hata kabla sijaisoma tumbo likaanza kunisokota, nikakimbilia chooni. Kila aliyewahi kuwa teja anaijua hii, mwili unajua pesa ipo na unajua pesa inakwenda wapi, unaanza kujitayarisha wenyewe. Nilitoka nyumbani nikasema nakwenda kuangalia pikipiki. Na nilikuwa nakwenda kuangalia pikipiki kweli, mpaka nilipofika njia panda.

Sielezi zaidi ya hapo. Kilichofuata ndo nataka kila mwenye mgonjwa nyumbani akijue: nilitumia kiasi kile kile nilichokuwa nikitumia zamani. Na miezi minne bila unga mwili umeshasahau, ule uzoefu wa kuhimili umeondoka, kiasi ambacho mwanzo kilikuwa kinaondoa alosto tu sasa kinatosha kukuzimisha pumzi. Ndo mana wengi wanakufa wiki za mwanzo baada ya kutoka soba au kutoka jela, na watu mtaani wanasema kawekewa sumu. Hajawekewa kitu, unga ni ule ule, mwili ndo si ule. Mie alinikuta mtoto wa mjomba, midomo imeshakuwa ya buluu na nakoroma mkoromo wa ajabu, alifikiri nimelala akataka kuniacha. Alhamdulillah hakuniacha. Ukimuona mtu yuko hivo usimwache alale, usimmwagie maji, muweke ubavu asipaliwe, mpeleke hospitali mbio na useme ukweli kwamba katumia unga, ipo dawa inaitwa naloksoni inarudisha pumzi lakini daktari hawezi kujua kama mnaficha kwa aibu.

Nikarudi soba hausi. Safari hii nilipokaribia kutoka, yule tuliyekuwa tunamwita sponsa, yaani mtu aliyetangulia miaka mingi kwenye njia hii ndo anakushika mkono, aliniuliza swali moja tu. Pesa yako atashika nani?

Mama anashika. Nafanya kazi kwa fundi wa mageti, kuchomea, na tulikwenda mie na mama tukamwambia fundi ukweli wote, mshahara anampelekea mama kila Alkhamisi. Mie napewa nauli ya daladala na ya chai, basi. Laini yangu ya pesa nimeifunga, nabaki na simu ya kupiga tu. Nna miaka 34 na naomba mama pesa ya sabuni, na wapo wanaonicheka, lakini siku pesa haipo mfukoni ile njia panda naipita kama njia nyengine yoyote. Siku hizi hata siipiti, nashuka kituo kimoja kabla nazunguka kwa nyuma, dakika 15 zaidi.

Na hapa kwenye kuaminiwa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo panapouma. Nilivorudi mara ya pili dada'ngu alikuwa anafunga chumba chake kwa kufuli hata akienda kuoga. Mama alikuwa anahesabu vijiko, nilimuona. Nilikuwa nalia usiku, najiambia sasa nimeacha kwa ajili ya nani kama bado mie ni mwizi? Nikampigia sponsa, akanambia wewe uliwaibia miaka 9, leo una wiki 3 unataka wasahau? Kanyamaza, na mie nikanyamaza. Tangu siku ile nimeacha kuomba kuaminiwa. Mara ya kwanza wote walinifungulia milango na nusura wanizike, safari hii kufuli ya dada imenifaa zaidi kuliko mtaji wa kaka, na dada mwenyewe nimeshamwambia hivo.

Mitingi nakwenda. Hizi za NA, yaani Narcotics Anonymous, za stepu 12, ambazo zilianza huko California mwaka 1953, watu wanasema mambo ya kizungu haya, lakini ukikaa ndani ni watu tu wamekaa duara kila mmoja anasema ukweli wake na hakuna anayekukatiza. Mie msikitini naswali na mitingini naongea, hakuna kilichogombana na mwenzake. Mnapewa vile viholda vya funguo, cheupe ukianza, siku 30 cha rangi ya chungwa, 60 kijani, 90 chekundu, miezi 6 buluu, miezi 9 njano, mwaka kinachong'aa gizani. Cheupe ninavyo viwili. Cha pili ndo nimefungia funguo ya nyumba, ambayo mama alinipa nilipofika mwezi wa 10 wa kuwa klini, sio siku ya kwanza. Nasubiri cha kijivu cha miezi 18 inshaallah.

Kuna kitu walitufundisha darasani nikakiona cha kitoto, kwamba kabla hujajiuliza kwa nini unautaka unga jiulize je una njaa, una hasira, uko peke yako, umechoka? Kwangu ni njaa. Ramadhani iliyopita saa 11 jioni nilikuwa natetemeka, nikawa naondoka kazini mapema nakwenda kukaa jikoni na mama namkunia nazi mpaka adhana. Sikuwa namsaidia, nilikuwa najificha pale.

Halafu hawa wanaokunywa methadoni, ile dawa ya kliniki inayotolewa badala ya unga. Hata kwenye mitingi wapo wanaosema hao hawajaacha, wamebadilisha tu. Mie sikubaliani kabisa. Muhimbili walianza mwaka 2011 na huku kwetu Zanzibar kliniki ya Kidongo Chekundu mwaka 2015, mtu anakwenda kila siku anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anarudi kazini, haibi, hajidungi, anawalea wanawe. Nna rafiki tulikuwa maskani moja, soba hausi alijaribu mara 5 ikashindikana, sasa yuko methadoni mwaka wa 4 na kaoa. Mtu akimwambia si klini mimi naondoka pale.

Wiki iliyopita mama alinipa elfu ishirini nikanunue samaki sokoni. Mara ya kwanza tangu nirudi kushika pesa kama ile. Nilimwomba mtoto wa dada anifuate, ana miaka 8, tukaenda tumeshikana mikono tukanunua changu, tukarudi. Mama kachukua chenji anataka kuitia kwenye kanga bila ya kuangalia. Nikamwambia mama hesabu. Akasema mwanangu hakuna haja. Nikamwambia ipo, hesabu. Akakaa kwenye kigoda akahesabu moja moja, sauti yake inatetemeka.

Basi dada, mdogo wako msimpe mtaji sasa hivi hata akiomba vipi, na ataomba kwa maneno matamu. Simu muache nayo lakini isiwe ya pesa. Msimchunge kama mfungwa, kaeni naye tu, muulize amekula. Akichelewa kurudi mfuateni bila kelele. Akianguka msimtupe, na msichelewe hospitali. Na Jumamosi baada ya alasiri ntapita hapo kwenu kumchukua twende mitingi, asiponitaka ntakaa barazani ninywe chai niondoke, na Jumamosi nyengine ntakuja tena.