Mei na Juni huku Bergen: angalieni upepo, na msingoje Julai

Kila ikikaribia Mei naulizwa swali lile lile na watu wanaotaka kuja huku Vestlandet, magharibi ya Norwe, eti majira ya joto mwaka huu yatakuwa ya mvua? Jamani mvua huku ipo, hilo halina mjadala, mji wetu wa Bergen unapata zaidi ya milimita 2,200 kwa mwaka, na kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 mpaka Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo. Ila watu wanasahau kwamba mvua hiyo haikugawanywa sawa. Nyingi inamwagika kuanzia Septemba kwenda kwenye baridi. Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi yenye afadhali kuliko yote, Mei inapata kama nusu tu ya Oktoba au pungufu.

Ndio maana kila anayeniuliza namwambia chukua likizo mwisho wa Mei au Juni. Najua Wanorwe wengi wanafunga kazi Julai, na kweli Julai ina joto kidogo zaidi, lakini mvua inakuwa imeshaanza kupanda na Agosti ndio inazidi kabisa. Halafu Juni ina mwanga wa karibu masaa 19, jua linazama saa tano usiku, kwa hiyo hata ikinyesha tangu asubuhi ikakatika saa kumi bado una siku nzima mbele yako, unapanda mlima Fløyen hapa mjini saa tatu usiku na kunaonekana kila kitu.

Sasa la msingi ni upepo unatoka wapi. Ukitoka kusini magharibi unakuja na unyevu wote wa Atlantiki, unafika hapa unakuta milima imesimama, hewa haina pa kupita inabidi ipande, ikipanda inapoa, ikipoa inaachia maji, na mji ndio uko hapo chini. Mlima Ulriken una mita 643 tu lakini pamoja na wenzake unatosha kabisa kuongeza mvua, visiwa vya nje kabisa ambavyo havina milima vinapata kidogo kuliko mjini. Upepo ukigeuka ukaja kutoka mashariki ni habari nyingine, mvua inabaki upande wa pili wa milima, hewa inashuka kwetu ikiwa kavu na inazidi kupata joto kadiri inavyoshuka. Hiyo inatokea mgandamizo mkubwa wa hewa ukikaa juu ya Skandinavia, na ukishakaa unaweza usiondoke wiki nzima au zaidi, Mei 2018 ilikuwa hivyo na kusini mwa Norwe joto lilivunja rekodi. Mtu aliyekulia pwani anayejua kusi na kaskazi hili atalielewa haraka sana.

Kwa hiyo ukiona mawingu yanasukumwa kutoka baharini na wewe una wikendi moja tu, usikae mjini kusikitika, ingia ndani kwenye fjodi, yaani ule mkono mwembamba wa bahari unaoingia katikati ya milima. Lærdal iko ndani sana kwenye fjodi ya Sognefjord nyuma ya milima na kwa mwaka inapata kama milimita 500 tu, yaani chini ya robo ya Bergen.

Kuhusu utabiri wa miezi 3, ule wa kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, unaosambazwa kila mwezi, mimi nausoma na naupenda, ila kwa kaskazini mwa Ulaya unakupa uwezekano tu, haukuambii Jumamosi yako. Kwa mipango tumia Yr, huduma ya utabiri ya taasisi ya hali ya hewa ya Norwe na shirika la utangazaji NRK, na ikipita siku ya 5 au ya 6 punguza imani. Anayetaka kujua mvua ya sherehe za tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa ya Norwe, aangalie kuanzia tarehe 12 hivi, kabla ya hapo ni kujipa presha bure. Na huu ndio mji aliokuja mwanasayansi wa hali ya hewa Vilhelm Bjerknes mwaka 1917, yeye na vijana wake ndio walioeleza jinsi hewa ya baridi na ya joto zinavyokutana na kuzaa hizi mvua zetu, mimi hilo linanipa fahari ya kuishi hapa.

Wanaokuja Mei wapite eneo la Hardanger kuona miti ya matufaha ikichanua, na muwaombee wakulima hali nzuri, maana baridi na mvua vikishika wiki ile nyuki hawatoki na maua yanapita bure. Milimani theluji bado ipo mpaka Juni, maporomoko ya maji ndio yako kwenye nguvu zake zote, msisogelee kingo. Bahari nayo bado baridi. Na kukiwa kukavu kwa muda majani yanashika moto haraka, kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba hairuhusiwi kuwasha moto msituni au karibu na msitu, hata kama jana yake ilinyesha msijaribu.