Kanzu ya mtu wa kinamasi

Nguo ya kwanza niliyoshona kwa ajili ya sherehe ya Zama za Kati mjini Visby, Uswidi, sasa hivi naifutia baiskeli. Ilikuwa na kila kitu ambacho fundi cherehani hujivunia: mikono iliyokatwa kwa duara juu ya bega, mishono iliyofungwa ovaloki, pindo lililonyooka kama rula. Kwa mbali ungesema nguo ya kale. Nilipoinua mkono kumpungia mwenzangu, vazi zima likapanda mpaka kiunoni na mshono wa kwapa ukaachia hapo hapo.

Mimi ni mtoto wa fundi. Marehemu baba alikuwa na cherehani yake barazani pale Tanga, na kabla sijajua kuandika nilishajua kutunga uzi. Huku Göteborg nahudumia wazee, na cherehani imebaki kazi ya usiku. Mwenzangu mmoja kazini, Mswidi, kila Agosti huvuka na kundi lake kwenda kisiwa cha Gotland kwenye Wiki ya Zama za Kati, sherehe inayofanyika Visby tangu mwaka 1984. Aliposikia mimi ni fundi, sikupumua tena. Nikasema haya, nitakuja, na nguo nitashona mwenyewe.

Visby wanakumbuka hasa mwaka 1361. Tarehe 27 Julai mwaka huo jeshi la mfalme Valdemar Atterdag wa Denmark liliwachinja wakulima wa kisiwa mbele ya ukuta wa mji, wakazi wa mjini wakiwa ndani na milango imefungwa. Maiti zilitupwa kwenye makaburi ya pamoja, wengi wao na deraya zao, yaani mavazi ya chuma ya vita, mwilini, na wachimbuaji wa karne ya 20 walizikuta bado zimewashika mifupa. Ndiyo maana wanaume wa kundi letu wote wanataka chuma. Mmoja amekaa majira mawili ya baridi akisokota vipete vya waya, kimoja kimoja, apate shati la vita. Namheshimu. Lakini chini ya kila deraya kuna nguo, na nguo ile kuna mtu aliikata na kuishona, na huyo ndiye niliyetaka kumjua.

Baada ya aibu ya kwapa nilianza upya, safari hii kwa kuuliza. Picha za vitabuni za karne ya 14 zinaonyesha umbo na rangi, ila mchoraji hakuonyesha mshono umepita wapi. Sanamu za makaburini ni za matajiri. Kinachojibu maswali ya fundi ni nguo yenyewe, na nguo za watu wa kawaida za miaka ile zilizobaki nzima ni chache mno. Kumbe moja iko Varberg, mwendo mfupi wa treni kutoka kwangu, nami nilikuwa nimepita pale mara kumi nikienda ufukweni.

Mwaka 1936, mwezi Juni, familia moja ya wakulima ilikuwa ikifanya kazi kwenye kinamasi cha mboji karibu na shamba la Bocksten, mashariki ya Varberg. Wakafukua mtu. Alikuwa amekandamizwa chini kwa miti iliyochongwa, mmoja umepita kifuani, kama kwamba waliomzika walihofia atanyanyuka. Nyama ilikuwa imekwisha, lakini nywele zipo, na nguo zipo: kanzu fupi ya sufu, joho, kofia ya kufunika kichwa na mabega, soksi ndefu za nguo, viatu vya ngozi, mkanda na visu viwili. Leo wanamwita mtu wa Bocksten, na nguo zake ziko kwenye makumbusho ndani ya ngome ya Varberg. Nguo za namna ile zilivaliwa katikati ya karne ya 14. Yaani huyu bwana angeweza kusimama Visby mwaka ule na asishangaze mtu.

Nilienda siku ya Jumanne, mvua inanyesha, nikawa karibu peke yangu. Taa za chumba kile ni hafifu kwa sababu mwanga unaila nguo, basi ukisimama dakika kumi macho ndiyo yanaanza kuona. Kila kitu ni kahawia. Usidanganyike: hiyo ni rangi ya kinamasi, si ya mshonaji. Tindikali ya mboji huhifadhi sufu na ngozi, ila kitani inakiyeyusha, na ndiyo maana kama huyu mtu alivaa shati la kitani ndani, halikubaki. Nilichuchumaa mbele ya kioo nikiifuata mishono kwa kidole hewani. Mlinzi akapita mara mbili. Nikaona vipande vya pembetatu vimeongezwa ubavuni kuanzia kiunoni kwenda chini, na vingine vimechomekwa katikati, mbele na nyuma, ili pindo lipanuke mtu atembee. Nikachora kwenye daftari. Nilipofika nyumbani, mchoro ule ulikuwa unanikumbusha kitu na sikujua ni nini.

Nikampigia baba mdogo, Pangani. Yeye ndiye aliyerithi ufundi wa babu wa kushona kanzu kwa mkono, na macho yake bado yanatunga sindano.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

Nikamtumia picha ya mchoro. Kimya. Kisha nikasikia anacheka.

"Sasa wewe unaniuliza nini? Hiyo si kanzu? Hii hapa badani, hizi taharizi, hapa kwapani weka kikwapa. Marehemu baba yako hakukufundisha?"

Hakunifundisha. Baba alikuwa mtu wa suruali na sare za shule. Lakini nilikaa kitini nikatazama ule mchoro upya, na kweli: badani, yaani kipande kikubwa cha mwili, mbele na nyuma, zote zimenyooka, taharizi, zile pembetatu za kupanua ubavu, mkono ambao juu haukukatwa duara bali unakwenda sawa, na kwapani vipande vidogo vya kuupa nafasi. Sisemi kwamba Mswidi wa mwaka 1360 alijifunza kwetu, wala sisi kwake. Nguo ikifumwa kwa jasho, kila fundi duniani anaikata kwa mistari iliyonyooka asipoteze hata upana wa kidole. Duara la bega ni anasa ya mtu mwenye nguo ya kutupa.

Nguo ya kutupa sikuwa nayo, kwa kosa langu mwenyewe. Nilinunua mita nne za vadmal, ile sufu nzito ambayo Waswidi huisinyaza kwa maji na msuguano mpaka nyuzi zinashikamana. Fundi mwema huosha nguo kabla ya kukata. Nikaosha. Kwa mashine, nyuzi joto 60. Iliyotoka ilikuwa mita tatu na kitu, upana umepungua kwa zaidi ya shubiri, nene kama blanketi la hospitali. Nilikaa nayo sakafuni nikiipima mara tatu kama vile tepu ndiyo mwongo.

Iliyoniokoa ni hesabu ya baba mdogo. Taharizi hazikatwi moja moja kwa umbo la pembetatu. Unachukua mstatili, unaukata kona kwa kona, unapata pembetatu mbili ambazo kila moja ina upande ulionyooka na upande wa mshazari. Hakibaki hata kipande. Akanionya: "Mshazari usikutane na mshazari. Nguo itavutika, pindo litaning'inia kama sikio la mbuzi." Kwa hiyo upande wa mshazari wa taharizi unaushona kwenye upande ulionyooka wa badani, mmoja unamshika mwenzake. Badani mbili zikalala bega kwa bega, mikono ikapatikana chini yake, vikwapa vikatoka kwenye pembe. Taharizi moja ya nyuma ilipungua, nikaiunga kwa kipande. Wakati ule nao waliunga, kwa hiyo sikuona haya.

Kushona nilishona kwa mkono. Nilijaribu kujidanganya kwamba mishono ya ndani nitapitisha kwa mashine maana hakuna atakayeiona, lakini sufu iliyosinyaa inateleza chini ya mguu wa mashine na safu mbili hazimalizi pamoja. Uzi wa kitani, nikaupitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili, ukawa hausokoteki. Mshono wa kurudi nyuma kwenye mabega na makwapa, panapovutwa; kwingine mshono wa kwenda mbele tu, na kila baada ya hatua tano au sita narudi moja kuufunga. Sufu hii ina jambo zuri: ukingo wake hauchambuki. Unaukunja mara moja unaushikiza, basi. Zile ovaloki zangu za awali zilikuwa dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Pagumu palikuwa mahali pamoja tu, nami nilipafumua mara nne. Taharizi ya mbele haina mshono wa ubavu wa kuifuata. Unapasua badani katikati, kutoka pindoni kwenda juu, halafu unaichomeka kwenye huo mpasuko. Pale kwenye ncha, mpasuko unapoishia, nguo ya kukunja haipo. Ukishona kwa ndani kama mishono mingine, ncha inajikusanya na kufanya kitovu. Nikageuza nguo upande wa nje. Nikakunja kingo za mpasuko kidogo sana, pale juu kabisa karibu bila kukunja, nikaziweka juu ya taharizi na kuzibana kwa pini. Nikaanza kushona kwenye ncha yenyewe, mishono midogo ya kuuma ukingo tu, nikashuka upande mmoja, kisha nikarudi kwenye ncha na kushuka wa pili. Nikaongeza mishono mitatu ya kupita juu ya ncha kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Pakalala. Nilipitisha kidole gumba pale usiku kucha kama mtu aliyeng'oa jino.

Subana nunua ya chuma. Ya plastiki ilitobolewa wiki ya kwanza, na kidole nacho.

Kofia ilikuwa starehe baada ya hapo. Ya mtu wa Bocksten ina mkia nyuma, mwembamba wa upana wa sentimita 2 hivi na urefu wa sentimita 90. Hauna kazi yoyote ninayoweza kuithibitisha zaidi ya majivuno, na majivuno ni kazi. Nikaamua hii iwe nyekundu. Mizizi ya krapp, kama wanavyouita huku mmea wa kutia rangi nyekundu, inapatikana ikiwa imesagwa. Kwanza unaichemsha sufu polepole kwenye maji ya shabu, ile ile ya kusafishia maji ya kisima. Mimi nilitumia gramu 100 kwa nusu kilo ya nguo. Rangi haishiki bila hiyo. Kisha inaingia kwenye sufuria ya mizizi, na hapo moto ndio kila kitu. Kipande cha majaribio nilikiacha kikachemka nikienda kupokea simu, kikatoka rangi ya tofali lililoungua. Mara ya pili nikaweka kipimajoto na kushikilia chini ya nyuzi 70, saa nzima nimesimama pale kama ninayesonga ugali wa shughuli. Ikatoka nyekundu ya pilipili iliyokauka. Mke wangu alisema sufuria ile isirudi jikoni tena, na haijarudi.

Soksi ndefu nilizikata mshazari ili zifuate mguu, nazo zimenikaa vibaya kwenye kisigino. Huo ni mzigo wa mwaka ujao. Viatu nilinunua kwa mtu anayejua kazi yake. Kila mtu na fani yake.

Kivuko cha kutoka Nynäshamn kinachukua zaidi ya saa tatu, na nilimalizia pindo na kikwapa cha kushoto humo, nimekaa sakafuni kati ya mabegi na ngao. Mji ule una ukuta wa mawe wa zaidi ya kilomita tatu, na ndani yake wiki ile unakutana na wauza mikate, masista, maaskari wa chuma wakila aiskrimu. Mama mmoja mtu mzima, mshonaji kwa alivyonitazama, alinisimamisha sokoni. Hakuniuliza nimetoka wapi, swali ambalo nilikuwa nimeshaliandalia jibu. Aliomba ruhusa, akashika pindo langu, akaligeuza ndani nje, akafuata taharizi ya mbele kwa ukucha mpaka kwenye ncha. Akabaki pale pale kidogo. "Hapa ulifumua mara ngapi?" akauliza. Nikamwambia nne. Akaonyesha vidole sita, akajigusa kifuani.

Jioni nikampelekea baba mdogo picha, nimevaa mavazi kamili, ukuta nyuma yangu. Akajibu kwa sauti:

"Umependeza mwanangu. Sasa huo mkia wa kichwani wa nini?"

Nikamwambia wa kujidai.

"Sawa. Inua mkono wa kushoto, piga picha nyingine, nione kikwapa."

Nikainua. Kanzu haikupanda hata kidogo, lakini kwenye picha palionekana nafasi ya mishono miwili iliyoachia, niliyoishona kwenye kivuko huku bahari ikitupa. Alikwishaiona kabla yangu. Nikatoa sindano kwenye ukosi, nikakaa juu ya jiwe, nikavua mkono mmoja.